Mfupa, Chuma na Seli Shina: Chanzo Safi Peke Yake Hakitoshi



Juma hili naomba niyaweke kando masomo ya Dominika, nijibu swali ambalo waamini wamekuwa wakiniuliza baada ya Misa, hasa wale wenye wagonjwa nyumbani. Je, ni halali kwa Mkatoliki kukubali tiba ya seli shina, ili mfupa wake upone na ukishike vema chuma alichowekewa mwilini? Wapo waliosikia kwamba Kanisa limekataza seli shina zote bila ubaguzi. Wapo pia waliosikia, kutoka kwa wanaoitangaza tiba hiyo, kwamba mtu akitiwa seli hizo mfupa hupona bila shaka yoyote. Kauli zote mbili zinahitaji kusahihishwa. Ya pili inahitaji kusahihishwa haraka zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuifilisi familia.

Niuseme msimamo wangu mapema, ili msomaji aupime anapoendelea kusoma. Kuhusu mfupa unaozunguka kipandikizi, swali la mahali seli zinapotoka limekwisha kupata jibu lililo wazi. Swali lililobaki, nalo ni zito, linahusu ukweli: mgonjwa anaahidiwa nini, ahadi hiyo ina ushahidi gani, na gharama yake inatoka katika mfuko wa nani.

Hatuna budi kwanza kulifahamu jambo lenyewe, maana dhamiri haiwezi kuamua vema juu ya kitu isichokijua. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alitumia vifaa vidogo vya madini ya titani vilivyopachikwa mfupani. Alipotaka kuvitoa, alikuta havitoki. Mfupa ulikuwa umeota ukavikumbatia. Jambo hilo, ambalo hakulitafuta, lilimfanya aache alichokuwa akikitafuta na kulifuata kwa miaka mingi. Mwaka 1965 mgonjwa wake wa kwanza alipandikiziwa mizizi ya titani katika taya, akawekewa meno juu yake, na akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 2006. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, nchini Uingereza, daktari John Charnley aliifanya nyonga bandia kuwa tiba ya kutegemewa, akitumia saruji maalumu kukishikilia chuma ndani ya mfupa wa paja. Tangu wakati huo mamilioni ya watu duniani wametembea na kutafuna kwa msaada wa vipandikizi.

Siri ya mafanikio hayo iko katika mfupa kuliko katika chuma. Kipandikizi kinapoingizwa, damu huganda kukizunguka. Katika siku na majuma yanayofuata, seli huingia katika damu hiyo iliyoganda na kuanza kufuma mfupa mchanga, ulio laini bado, ambao hukomaa na kuwa mgumu kwa miezi kadhaa. Kazi hiyo inadai mambo matatu: damu ya kutosha, utulivu, na seli zenye uwezo wa kujenga. Kipandikizi kikichezacheza, hata kwa zaidi ya milimita 0.15 hivi, mwili huelekea kukizungushia utando wa nyama ngumu mahali pa mfupa, nacho hulegea. Vijidudu vikiingia, mfupa hushindwa. Tena wapo wagonjwa ambao mfupa wao umedhoofika tangu awali: wazee ambao mifupa yao imekuwa myepesi, wenye kisukari, waliopigwa mionzi ya saratani, waliotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, na wenye selimundu. Kwa hawa wa mwisho, chembe za damu zilizojikunja kama mundu huziba mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa paja kikanyimwa damu hadi kikafa, mara nyingi mtu angali kijana.

Hapo ndipo seli shina zinapoingia katika habari yetu. Ndani ya mifupa yetu mna uboho. Katika miaka ya 1960 na 1970 mwanasayansi wa Urusi ya Kisovyeti, Alexander Friedenstein, alionyesha pamoja na wenzake kwamba ndani ya uboho zimo seli chache zenye uwezo wa kutengeneza mfupa. Ni chache kwelikweli: katika seli za uboho zinazohesabiwa, huenda ikapatikana moja kati ya 10,000 hadi 100,000, na idadi yake hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani, Arnold Caplan, alizipa jina la seli shina za mesenkima. Hizi si zile seli shina za uboho zinazozaa damu, ingawa zote hukaa nyumba moja.

Wazo la madaktari ni rahisi kulieleza. Mgonjwa hupigwa ganzi au kulazwa usingizi, kisha uboho huvutwa kwa sindano nene kutoka katika ukingo wa mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Uboho huo huzungushwa kwa kasi katika mashine ili seli zinazotakiwa zikusanyike pamoja, halafu hutiwa mahali mfupa unapotakiwa kuota: katika mvunjiko uliokataa kuunga, katika taya litakalopokea jino bandia, au kuizunguka nyonga bandia. Ipo pia njia ndefu zaidi, ya kuzikuza seli hizo katika maabara kwa majuma kadhaa mpaka ziwe mamilioni. Barani Ulaya sheria inazihesabu seli zilizokuzwa namna hiyo kuwa ni dawa, zikidai kibali na ukaguzi kama dawa nyingine zozote.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza la waamini. Hofu ya kwamba Kanisa limezikataa seli shina zote ina historia yake. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walifanikiwa kuotesha seli shina zilizotolewa katika viinitete vya binadamu. Kuzipata kulidai kiinitete kiharibiwe, yaani maisha ya binadamu aliye katika siku zake za kwanza kabisa yakatizwe. Hilo ndilo Kanisa lililolipinga na linaloendelea kulipinga. Lakini mafundisho hayakuishia hapo. Hati iitwayo Dignitas Personae, iliyotolewa mwaka 2008 na Shirika la Mafundisho ya Imani wakati wa Baba Mtakatifu Benedikto XVI, inafundisha kwamba ni halali kuchukua seli shina kwa njia isiyomdhuru vikubwa yule zinakotoka. Inataja seli za mtu aliyekwisha kukua, damu ya kitovu mtoto anapozaliwa, na mimba zilizokufa kwa sababu za asili. Sayansi nayo ikafungua mlango mwingine: mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya iliyokwisha kukomaa inaweza kurudishwa katika hali inayofanana na ya seli za kiinitete, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Seli zinazotumiwa katika mifupa na vipandikizi kwa kawaida hutoka katika uboho wa mgonjwa mwenyewe, au katika mafuta ya mwili wake. Hakuna anayeuawa, hakuna anayenyang'anywa. Ni sawa na daktari anayechukua kipande cha ngozi ya pajani kuziba jeraha la mguuni. Basi, mzazi uliyejizuia kumpeleka mwanao kwa daktari bingwa ukidhani utakuwa umetenda dhambi, ondoa hofu hiyo. Ukiambiwa kwamba seli zinatoka nje ya mwili wa mgonjwa, uliza zimetoka wapi na kama aliyezitoa aliridhia. Ukijibiwa wazi kwamba ni halali, dhamiri yako na itulie kuhusu chanzo.

Hata hivyo naona hatari mpya, nayo ni ya kudhani kwamba tukishakisafisha chanzo, yote yamekuwa safi. Nimesikia hata watu wema wakisema, "Ni seli zake mwenyewe, zitamdhuru nini?" Tulitazame tukio moja ambalo lilifika mahakamani.

Mwaka 2011, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Karolinska mjini Stockholm, daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa koo la hewa lililotengenezwa kwa plastiki. Mgonjwa huyo alikuwa kijana wa Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland, mwenye uvimbe kooni. Kabla ya kupandikizwa, plastiki ile ilimwagiwa seli shina kutoka katika uboho wa kijana mwenyewe, kwa matumaini kwamba zingeota na kuigeuza kuwa koo lenye uhai. Magazeti ya dunia yalishangilia. Kuhusu chanzo cha seli, hata mwanataalimungu mkali kuliko wote asingekuwa na neno. Kijana yule alifariki mwaka 2014 baada ya mateso mengi. Wagonjwa wawili wengine waliofanyiwa hivyo nchini Sweden nao walifariki. Madaktari wenzake waliothubutu kusema kwamba taarifa zilizochapishwa hazikulingana na hali ya wagonjwa hawakusikilizwa mwanzoni. Hatimaye, mwaka 2018, Taasisi ya Karolinska ilimwona ana hatia ya utovu wa maadili ya utafiti, na mwaka 2023 mahakama ya rufani ya Sweden ilimhukumu kifungo cha miaka 2 na miezi 6 kwa kuwadhuru vibaya wagonjwa hao watatu.

Koo la hewa si mfupa, nami sisemi kwamba kila mwenye kutumia seli shina anafanana na huyo. Ninasema kwamba ahadi ilikuwa ileile tunayoisikia leo: weka kifaa, mwagia seli za mgonjwa, mwili utamaliza kazi. Seli zilikuwa halali. Kilichokosekana ni majaribio ya kutosha kabla ya kumgusa binadamu, na ukweli baada ya kumgusa.

Tuulize basi, katika mifupa ushahidi umefikia wapi? Upo, na mwingine unatia moyo. Nchini Ufaransa, katika hospitali ya Henri Mondor iliyoko Créteil karibu na Paris, daktari Philippe Hernigou amefanya kazi hii kwa miaka mingi. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 60 waliovunjika mfupa wa muundi ukakataa kuunga. Walichomwa uboho wao wenyewe uliokusanywa kwa mashine, bila kupasuliwa upya mahali pa mvunjiko. Kati yao 53 waliunga. Wale 7 ambao hawakuunga walikutwa kuwa walipata seli chache kuliko wenzao. Daktari huyo ameitumia njia hiyo pia katika nyonga zilizoanza kufa kwa kukosa damu, wakiwamo wagonjwa wa selimundu, kwa nia ya kuuokoa mfupa kabla haujabomoka na kudai nyonga bandia.

Ni kazi ya kuheshimiwa. Mwenye kuisoma vizuri ataona mambo mawili. Kwanza, wagonjwa wale 60 hawakulinganishwa na kundi lingine lililotibiwa kwa njia tofauti, kwa hiyo hatuwezi kusema ni wangapi wangepona kwa njia ya kawaida ya kupandikiza kipande cha mfupa. Pili, idadi ya seli ilikuwa na uzito mkubwa. Anayekuambia tu "tutakutia seli shina", bila kueleza anazipataje wala anajuaje kama zimetosha, hajakuambia kitu.

Kuhusu mfupa unaozunguka kipandikizi chenyewe, hali ni changa zaidi. Katika wanyama, tafiti nyingi zimeonyesha mfupa ukiota mapema au kwa wingi zaidi zilipowekwa seli. Kwa binadamu, majaribio mengi yaliyopo ni madogo, na sehemu kubwa yanahusu meno, pale ambapo taya la juu limekuwa jembamba na linahitaji kuongezwa mfupa kabla ya kupokea kipandikizi. Baadhi yameona mfupa ukiongezeka; lakini kwamba vipandikizi vyenyewe vinadumu zaidi kwa sababu ya seli hizo, hilo halijathibitishwa ipasavyo. Sababu moja ni kwamba vipandikizi vya kawaida vinafanya vizuri tayari. Vya meno, zaidi ya 90 kati ya 100 huwa vingali imara baada ya miaka 10. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Anayetaka kuthibitisha kwamba ameboresha kitu kinachofanya vizuri hivyo anahitaji wagonjwa wengi na subira ya miaka mingi. Ndiyo maana tumaini la kweli la seli hizi liko hasa kwa wale wenye mfupa dhaifu niliowataja, ambao kipandikizi cha kawaida huwalegea mapema.

Niongeze jambo lililonigusa. Mwaka 2017, Caplan yuleyule aliyezipa seli hizo jina mwaka 1991 aliandika akiomba jina hilo lisitumike tena. Alieleza kwamba neno "shina" linawapotosha wagonjwa, kwa sababu seli hizi zikishatiwa mwilini hazigeuki kuwa kiungo kipya kama watu wanavyodhani. Kazi yake kubwa ni kutoa vichocheo vinavyoziamsha seli za mgonjwa mwenyewe zifanye ukarabati. Jina lile lilikuwa limempatia sifa duniani kote, na bado aliona afadhali liondoke kuliko liendelee kuuza uongo. Natamani kila mwenye kliniki awe na roho hiyo.

Turudi sasa hapa Tanzania. Ni akina nani miongoni mwetu wanaohitaji mfupa ulioshika chuma? Wa kwanza ni vijana wetu wa bodaboda na abiria wao, waliojaa katika wodi za mifupa. Wa pili ni watoto na vijana wenye selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa na ugonjwa huo. Utafiti wa watoto wachanga wa kanda ya kaskazini-magharibi, uliofanyika kwa kushirikiana na Hospitali ya Bugando na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta takriban mtoto mmoja kati ya watano akiwa amerithi chembe moja ya ugonjwa huo, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100 akiwa na ugonjwa wenyewe.

Kwa kijana aliyevunjika muundi, yanayoamua kama mfupa utaunga yanajulikana na wala si mageni. Ni kufikishwa hospitalini mapema, kupewa dawa ya kuua vijidudu ndani ya saa za kwanza ikiwa mfupa umetoboa ngozi, kuoshwa jeraha kwa ukamilifu, kufungwa mfupa kwa uthabiti, kula vizuri, kuacha sigara, na kurudi kliniki kila anapotakiwa. Tangu mwaka 1999 shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Marekani, limekuwa likizipatia hospitali za nchi maskini misumari ya mifupa inayoweza kuwekwa hata pasipo mashine ya kuonyesha picha wakati wa upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni miongoni mwa hospitali zinazoitumia. Kwa mtoto wa selimundu, dawa ya haidroksiyurea na kliniki ya kila mara hupunguza maumivu na kumwongezea maisha. Mambo haya yana ushahidi, na bado wapo wengi wasioyapata. Mgonjwa aliyekaa siku nne kituoni akingoja rufaa, jeraha likitoa usaha, hana anachopungukiwa upande wa seli shina. Seli zikimwagwa penye usaha au pasipo damu, nazo hufa.

Najua nitapingwa. Mwamini mmoja aliniambia hivi: "Padre, kila kitu kipya kikija, sisi maskini tunaambiwa tungoje. Matajiri wanapanda ndege, sisi tunahubiriwa subira." Pingamizi hilo ni la haki na silipuuzi. Lakini angalia jinsi mambo mapya yanavyoweza kuingia kwa heshima. Mwaka 2021 Muhimbili ilianza kupandikiza uboho kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ikaanza kuwapandikizia watoto wenye selimundu. Hiyo nayo ni tiba ya seli shina, zile zinazozaa damu. Iliingia baada ya kuthibitishwa kwa miongo mingi duniani. Tena watafiti wetu wanaweza kuuliza maswali yao wenyewe: mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambamo wagonjwa zaidi ya 200 waliovunjika muundi kwa jeraha la wazi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wawekewe msumari ndani ya mfupa, wengine chuma cha nje. Kila mmoja alijua kwamba yumo katika utafiti. Nani aseme basi kwamba seli shina haziwezi kupimwa hapahapa namna hiyohiyo, kwa wagonjwa wetu wa selimundu, ambao wana haki ya kwanza ya kunufaika na jibu? Hilo ningelishangilia. Ninalolikataa ni njia ya mkato, ambapo maskini anakuwa mtu wa kujaribiwa na wakati huohuo ndiye anayelipa gharama ya jaribio.

Niseme wazi: anayemtoza mgonjwa fedha kwa jaribio bila kumwambia kwamba ni jaribio anamwibia mara mbili. Anachukua fedha yake, na anachukua uhuru wake wa kuamua. Wizi wa pili ni mbaya zaidi, maana fedha huweza kurudishwa. Maadili ya utabibu duniani, tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, yanadai kwamba mtu aelezwe na aridhie kabla ya kuingizwa katika utafiti. Kwetu sisi wenye imani hilo si takwa la sheria tu. Mgonjwa ni sura ya Mungu, wala hageuki kuwa kifaa cha kujifunzia kwa sababu anaumwa na hana kitu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujauza shamba au kupitisha daftari la michango, kaa na daktari umwulize bila woga. Je, hii ni tiba iliyokubalika, au ni jaribio? Kama ni jaribio, kibali chake kiko wapi, na kwa nini nalipia? Ni wagonjwa wangapi wenye hali kama yangu umewatibu, na wangapi hawakupona? Tukiacha seli hizo na kufuata njia ya kawaida, nitapoteza nini? Mambo yakiharibika, ni nani atakayenihudumia na kwa gharama ya nani? Daktari mwaminifu hatakasirika. Atafurahi kwamba umekuja na akili zako zote. Anayekujibu kwa ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona, au kukuhimiza ulipe leo kwa sababu kesho bei inapanda, mshukuru uende zako.

Nanyi madaktari na wauguzi mnaosoma ukurasa huu, najua mzigo wenu. Mgonjwa mwenye maumivu hupenda kusikia "utapona", na ni vigumu kumwambia "sijui". Mwambieni hivyo hivyo pale msipojua, kwa upole, huku mkikaa naye. Sisi mapadre nasi tuna wajibu: tusiikubali kliniki yoyote ije kutangaza biashara yake mwisho wa Misa, hata ikiahidi kusaidia ujenzi wa kanisa. Na jumuiya ndogondogo, mnapomchangia mgonjwa, anzeni na nauli ya kliniki, dawa alizoandikiwa, maziwa na mayai ya kumjenga mfupa, na mtu wa kumsindikiza.

Mwinjili Marko anatusimulia habari za mwanamke aliyeteswa na ugonjwa wa kutokwa damu kwa miaka 12. Alikwisha kuhangaika kwa waganga wengi na kumaliza alichokuwa nacho, na hali yake ilizidi kuwa mbaya. Tunapoitafakari Injili hiyo huwa tunakimbilia muujiza, tukiwapita haraka wale waganga waliozichukua fedha zake mwaka baada ya mwaka. Je, hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia, "Mama, ugonjwa huu mimi siuwezi, tunza fedha yako"? Alipomfikia Bwana, hakutozwa kitu, na katikati ya umati alieleza ukweli wake wote bila kuaibishwa. Mgonjwa anapomweleza daktari ukweli wake wote, anastahili kuelezwa ukweli wote pia.

Wenye wagonjwa wa mifupa nyumbani, leteni majina yao ofisini kabla ya Ijumaa, tuwaombee katika Misa ya Jumamosi asubuhi. Wanaohitaji kusindikizwa hospitali ya rufaa wawaone viongozi wa jumuiya zao mapema.

Nawatakieni nyote Dominika njema na juma lenye baraka. Amani ya Kristo ikae nanyi.

Paroko wenu